Swali Ambalo Adabu Haiwezi Kulijibu

Ukimuuliza mzee wa huku kwetu kama anaona vizuri, atakujibu kwamba anaona. Atajibu hivyo hata kama mjukuu wake amemshika mkono kutoka steji ya matatu hadi mlangoni pa kliniki. Hasemi uongo. Anamtambua kila ng'ombe wake, anaijua njia ya mtoni, na jirani akipiga hodi humjua kwa sauti kabla hajaingia. Tena ndivyo alivyolelewa: anayekujulia hali humtwiki mzigo wako wote, na daktari aliyekuachia kiti anastahili jibu la kumfurahisha. "Naona tu, daktari. Ni kidogo tu panasumbua."

Kazi ya kupima macho, jinsi nilivyoitazama ikifanywa Kitale na Bungoma, inaanzia hapo. Ni ufundi wa kutafuta maswali ambayo adabu haiwezi kuyajibu. Wengi wanaoufanya si madaktari bingwa, maana hao ni wachache. Ni maafisa wa kliniki waliorudi Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kusomea macho. Ni wauguzi wa macho. Na siku hizi ni wapimaji wa miwani waliohitimu Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, pale Kakamega. Wananchi huwaita wote daktari, nami sioni kosa.

Mpimaji mzuri hakimbilii tochi. Anauliza kwanza, na swali lake la kwanza lina ujanja: haulizi unaumwa nini, anauliza ulikuwa ukifanya nini tatizo lilipoanza. Trans Nzoia, kaunti ulipo mji wa Kitale, ni nchi ya mahindi. Wakati wa palizi jani la muhindi humkwaruza mtu jicho, na wakati wa mavuno makapi kavu hurukia macho. Mgonjwa huliona jambo hilo dogo mno kuletwa hospitali, kwa hiyo hatalitaja mpaka aulizwe kuhusu shamba. Lakini mkwaruzo wa mmea unaweza kupanda kuvu kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kidonda cha kuvu hakisikii dawa za kawaida za bakteria. Swali linalofuata huulizwa kwa upole zaidi: "Nyumbani mliweka nini?" Sauti ikiwa ya lawama, majani yaliyokamuliwa jichoni hayatatajwa kamwe, wala yale matone yaliyobaki ya jirani. Sauti ikiwa ya mtu anayetaka kujua tu, mama atasema kila kitu.

Baada ya hapo ndipo linapokuja lile bango la ukutani. Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht nchini Uholanzi, alitoa bango lake la herufi mwaka 1862, na hesabu yake haijabadilika. Herufi ya mstari wa 6/6 imekatwa ili mtu aliyekaa mita 6 aione ikichukua dakika 5 za pembe, na kila mstari ndani yake dakika 1, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukipima kwa rula utakuta herufi hiyo ina kimo cha karibu milimita 9, na ile kubwa ya juu, ya 6/60, karibu milimita 87. Anayeishia kwenye ile kubwa anahitaji kukaa mita 6 ili aone kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 60. Kwa hiyo umbali ndio roho ya kipimo. Mpimaji makini amechora mstari sakafuni, na miguu ya kiti haiuvuki. Chumba kikiwa kifupi, atatumia bango la mita 3 ambalo herufi zake ni nusu ya zile, au ataning'iniza kioo. Mvua ya Kitale ikitia giza chumbani, atangoja stima irudi au atawahamishia wagonjwa varandani kwenye mwanga wa kutosha, kwa sababu bango lililofifia humfanya mzima aonekane mgonjwa.

Huku, mara nyingi bango halina alfabeti. Lina E peke yake, iliyogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto, na mgonjwa anaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Naipenda sana E hiyo. Haimwaibishi asiyejua kusoma, haimpendelei aliyesoma, na haina pa kuweka jibu la heshima. Mkono umeelekea kulia au haukuelekea. Mtoto wa darasa la kwanza, nyanya wa miaka 80 na mwalimu mkuu wanajibu kwa lugha moja. Ukitaka kujua kama mpimaji anaijua kazi, mtazame anavyolifunika lile jicho lisilopimwa. Hakubali vidole, maana vidole vina nyufa, na mtoto anayetaka kufaulu atachungulia. Anataka kiganja, tena kisibonyeze, kwa sababu jicho lililobonyezwa litaona ukungu zamu yake ikifika. Anaanza na la kulia, kisha la kushoto, kila moja peke yake. Wako watu wazima ambao siku hiyo ndiyo wanagundua kwamba jicho moja lilikwisha kufa zamani na lile jingine limekuwa likifanya kazi ya mawili.

Mgonjwa asipoiona hata E kubwa, kipimo hakiishi. Mpimaji anamsogelea na kunyoosha vidole: "Ni vingapi?" Akishindwa, anapunga mkono mbele yake. Akishindwa tena, anawasha tochi na kuuliza kama kuna mwanga, na unatoka upande gani. Kila ngazi ina jina lake na kifupi chake kwenye kadi. Ngazi hii ya mwisho ina uzito kuliko inavyodhaniwa: aliyezibwa na mtoto wa jicho hadi asione vidole, lakini bado anajua tochi inatoka wapi, huenda ana ukuta wa nyuma wa jicho ulio hai, na upasuaji una cha kumrudishia.

Halafu kuna kile kikinga chenye tundu dogo. Ni kipande cha plastiki nyeusi kilichotobolewa tundu la milimita moja na kidogo. Mgonjwa aliyekwama mstari wa tatu anaangalia kupitia tundu hilo, na mara anasoma mstari wa sita. Tundu huruhusu ile miale ya katikati tu, isiyohitaji kupindwa sana, kwa hiyo kosa la lenzi halipati nafasi. Akiona vizuri zaidi, shida yake yaelekea ni ya miwani. Asipopata nafuu, kuna kitu ndani kinachohitaji kutafutwa. Ni kifaa cha shilingi chache, na kinaamua mtu aelekee chumba gani. Katika vifaa vyote vya kazi hii, sijui kingine kinachosema mengi kwa gharama ndogo namna hiyo.

Adabu ya mgonjwa ina ndugu yake: hamu ya mpimaji. Mtu akimpima mtoto anayempenda, atamwongoza bila kukusudia. Atapepesa jicho, atasema "angalia vizuri", atamngoja mpaka apate. Andrew Bastawrous, daktari wa macho kutoka Uingereza, alikuwa Nakuru kuanzia mwaka 2012 akifanya utafiti wa macho vijijini, akibeba mashine nzito mahali ambapo hapakuwa na barabara wala umeme wa uhakika. Huko ndiko yeye na wenzake walikotengeneza programu ya simu ya kupima uwezo wa kuona, Peek, na ushahidi wa usahihi wake ukachapishwa mwaka 2015. E inatokea kwenye kioo cha simu; mtoto ananyoosha mkono; mwalimu anatelezesha kidole upande ule ule alioonyesha mtoto. Simu ndiyo inayojua E ilielekea wapi. Mwalimu hahitaji kuiangalia, kwa hiyo hana jibu la kumnong'oneza mtoto kwa uso wake. Mambo mengi yamesifiwa kuhusu programu hiyo, wepesi wake na bei yake, lakini mimi naivulia kofia kwa hilo la kumnyamazisha anayeuliza.

Kuona karibu ni habari nyingine, na kipimo chake huko Bungoma kimekaa varandani mwa maduka, nyuma ya cherehani. Fundi akifika miaka 40 na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho imeanza kukakamaa na haijikunji tena kama zamani. Anaona mtu wa ng'ambo ya barabara, lakini uzi na tundu la sindano vimekuwa ukungu. Anarefusha mkono. Mkono ukiisha urefu, anamwita mtoto amtungie. Kadi ya kusomea ina maandishi yanayopungua ukubwa, ila mpimaji mwenye akili anaweka kando yake sindano na uzi, au kiganja cha maharagwe yenye vijiwe, na anauliza kazi hiyo hufanywa umbali gani kutoka usoni. Fundi anayeshona na mwalimu anayesahihisha, kila mmoja kwa umbali wake, hawawezi kupewa miwani ile ile, hata kama umri wao ni mmoja.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona kilele cha ufundi huu: retinoskopu. Ni kijiti kinachoshikwa mkononi, chenye balbu na kioo kidogo kilichotobolewa katikati. Taa za chumba zinapunguzwa. Mgonjwa anaangalia mbali, na mpimaji, akiwa umbali wa karibu sentimita 67, anapitisha mfereji mwembamba wa mwanga juu ya jicho. Ndani ya mboni unarudi mng'ao mwekundu kutoka ukuta wa nyuma, na mng'ao huo unatembea. Mwanga ukisogezwa kulia na mng'ao ukafuata kulia, jicho linaomba lenzi ya plasi, ile nene katikati. Ukikimbilia kinyume, linaomba ya mainasi, ile nene ukingoni. Mpimaji anachomoa lenzi moja moja kutoka kwenye sanduku lake, anaiweka mbele ya jicho, anapitisha mwanga tena. Mng'ao uliokuwa hafifu na mvivu unaanza kung'aa na kwenda kasi, mpaka hatua moja ambapo hautembei kabisa: mboni yote inajaa mwanga kwa mara moja, au inazimika yote. Hapo ndipo jibu. Anageuza mfereji wa mwanga usimame, ulale, uiname, kwa kuwa konea nyingi zimejipinda zaidi upande mmoja, na kila upande una lenzi yake. Mwishowe anatoa dayopta 1.50, kipimo cha nguvu ya lenzi, kwa ajili ya ule umbali aliokaa. Mwenye mikono mifupi anayekaa nusu mita anatoa 2.00. Kwa hiyo mpimaji lazima aujue mwili wake mwenyewe kama anavyoijua hesabu.

Katika yote hayo mgonjwa hajasema neno. Hajaulizwa lolote, ni jicho lililoulizwa. Mtoto asiyeongea, bubu, mzee wa Kipokot asiyejua Kiswahili hata kidogo, wote wanaweza kutoka na miwani iliyo karibu sana na sahihi. Kwa watoto kuna kikwazo kimoja: misuli ya jicho lao ina nguvu na hujikaza kuficha kosa. Ndiyo maana hutiwa matone ya kuilegeza kwanza, na mama huambiwa mapema kwamba kitabu kitaonekana na ukungu hata hadi kesho yake, asije akafikiri mwanawe ameharibiwa.

Kisha neno linarudishwa kwa mgonjwa. Anavalishwa ile fremu nzito ya majaribio, na mpimaji anabadilisha lenzi: "Ya kwanza, au ya pili?" Hapa ndipo heshima inaponyemelea tena. Watu hujibu kama wako kwenye mtihani, wakitafuta jibu analolitaka daktari. Mpimaji aliyekomaa husema tangu mwanzo kwamba hakuna jibu baya, na kwamba "ziko sawa" nalo ni jibu, pengine ndilo analolitafuta. Tena haamini kwa haraka. Baada ya kidogo anarudisha jozi ile ile kwa kubadilisha zamu, ya pili ikiwa ya kwanza, aone kama mgonjwa atachagua lenzi au atachagua namba. Nimeona mtu akichagua "ya pili" mara zote, kwa ukarimu tu, na mpimaji akicheka naye na kuanza upya bila kumkaripia.

Wengi hudhani kwamba mwenye 6/6 amemaliza. Hapana. Glakoma, ambayo watu huku huiita presha ya macho, hula pembeni kwanza na kuuacha mwono wa katikati mpaka mwisho, na aina yake iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Kwa hiyo mpimaji anakaa ana kwa ana na mgonjwa, mita moja kati yao. Mgonjwa anafunika jicho la kushoto, yeye anafunika lake la kulia. "Angalia pua yangu, usinifuate mkono." Anachezesha kidole kutoka pembeni kuja ndani, katikati kabisa ya umbali wao, na wote wawili wanapaswa kukiona wakati mmoja. Jicho la mpimaji ndilo kipimo. Baadaye anaipitisha tochi kutoka mboni moja hadi nyingine, taratibu, huku na huku. Mboni inayopanuka ilipotakiwa kusinyaa imesema kwamba mshipa wake wa fahamu umedhoofika, na hilo hakuna mgonjwa anayeweza kulificha wala kulipamba.

Kope nazo hukunjuliwa. Mgonjwa anaangalia chini, kijiti cha pamba kinawekwa juu ya kope, kope zinashikwa kwa vidole viwili na kugeuzwa, na ndani yake panaonekana. Kitale ni mlango wa Pokot Magharibi na Turkana, kunakojulikana trakoma, na makovu yake hukaa pale pale, yakizivuta kope zigeuke ndani na kukwaruza konea kila mtu anapopepesa. Yule wa jani la muhindi huguswa jicho kwa karatasi yenye rangi ya machungwa, kisha humulikwa kwa taa ya buluu, na kidonda kinawaka kijani. Presha hupimwa kwa kifaa kinachoigusa konea iliyotiwa ganzi. Kati ya milimita 10 na 21 za zebaki hesabu ni ya kawaida, ingawa wapo wanaoharibikiwa wakiwa chini ya 21, na hivyo namba peke yake haiaminiwi.

Kabla ya kutia matone ya kupanua mboni kuna tendo dogo la sekunde chache ambalo wavivu hulipita. Tochi inaletwa kutoka upande wa sikio, iking'aa sambamba na uso wa jicho. Mwanga ukivuka hadi upande wa pua, nafasi ya mbele ina kina cha kutosha. Ukiacha kivuli upande ule wa pili, jicho ni jembamba pale mbele, na matone yanaweza kufunga njia ya maji na kuleta presha ya ghafla. Ukipatikana usalama, mgonjwa anatiwa matone na kurudishwa benchi dakika 20 au 30. Wa kutoka Kamukuywa au Webuye huambiwa asiendeshe bodaboda siku hiyo.

Mboni ikishapanuka huja ofthalmoskopu, kifaa cha kulitazama jicho kwa ndani. Ilizinduliwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1851, na kabla yake hakuna daktari aliyewahi kuuona vizuri ukuta wa nyuma wa jicho la mtu aliye hai. Sheria yake ni ya kimwili: jicho la kulia la mgonjwa huangaliwa kwa jicho la kulia la mpimaji, mkono wa kulia, la kushoto kwa la kushoto. Vinginevyo pua zingegongana. "Mzee, angalia ule ukuta mbali, mimi nikikusogelea usihame." Ndani huonekana eneo dogo sana kwa wakati mmoja, na anayeanza hupotea. Fundi hutafuta mshipa wowote wa damu na kuufuata kuelekea kule matawi yake yanakokutana, maana njia zote hizo huishia kwenye diski, kichwa cha mshipa wa fahamu. Hapo anakitazama kikombe kilicho katikati ya diski: kikiwa kimetanuka na kula zaidi ya nusu ya upana wake, anashuku glakoma. Anatazama vidoti vya damu vya mwenye kisukari. Kwa mtoto, anatafuta ule mng'ao mwekundu. Ukiwa mweupe, hatua zote nyingine zinasimama na safari ya rufaa inaanza siku hiyo, kwa kuwa huenda ni saratani.

Na rufaa ni sehemu ya kipimo, ingawa vitabu huiweka kando. Hillary Rono, daktari bingwa wa macho wa Kitale, aliliona hilo shuleni. Watoto walipimwa, wakapewa barua, na barua ikafia ndani ya begi. Mzazi naye alijibiwa na macho yake mwenyewe: huyu mtoto anacheza mpira, anachota maji, haoni nini? Katika utafiti wa Rono na wenzake uliochapishwa mwaka 2018, shule 50 za msingi za Trans Nzoia ziligawanywa mafungu mawili. Katika nusu moja walimu walitumia kadi ya E ya karatasi na barua ya kawaida. Katika nusu nyingine walitumia simu, na mzazi akatumiwa ujumbe mfupi wa kumkumbusha, pamoja na picha iliyochapishwa ya jinsi ubao wa darasani unavyoonekana kwa mwanawe, yaani ukungu mtupu. Simu ilikuwa na kasoro yake, iliwatuma hospitalini wazima wengi kuliko kadi. Lakini katika shule za simu asilimia 54 ya watoto walioambiwa waende walifika, na katika zile za barua asilimia 22.

Ile picha ya ukungu ni swali la aina ile ile ya E. Haimuulizi mzazi kama anamjali mtoto, jambo ambalo kila mzazi atalijibu vizuri. Inamwekea mkononi kile anachokiona mwanawe. Watoto 46 katika kila 100 bado hawakufika, na sababu zake zinajulikana na yeyote aliyewahi kutafuta nauli katikati ya wiki. Mwaka 2021 Rono na wenzake walichapisha utafiti mwingine wa Trans Nzoia, ambapo wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii walikwenda nyumba kwa nyumba na simu zao, wakiwapima kwenye viti vyao wenyewe wale wazee wanaosema wanaona tu.